Fundi Anayeuliza Safari Kwanza

Ukitoka mjini Kitengela kwa Barabara ya Namanga, vibanda vya mafundi wa pikipiki vimepangana mpaka uanze kuona uwanda wa kuelekea Isinya. Kuziba pancha, kubadilisha sahani za klachi, kukaza cheni, kazi hizo karibu kila mmoja anaziweza. Lakini wako wachache ambao ukiwaambia unataka injini iongezewe nguvu, hawakimbilii spana. Wanafuta mikono, wanaitazama pikipiki, kisha wanauliza: "Mzee, hii piki unaipeleka wapi, na huwa unabeba nini?" Swali hilo ndilo ninalotaka kulisifu hapa, kwa sababu naamini ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika ufundi wa injini. Na hakuna kazi inayolihitaji kama kuchagua kamshafti.

Kamshafti ni mhimili mfupi wa chuma wenye nundu. Katika pikipiki ya Boxer 150, ambayo injini yake ina silinda moja ya sentimita za ujazo 144.8, mhimili huo umelala ndani ya hedi na huzungushwa na cheni ya taimingi. Nundu moja ni ya valvu inayoingiza hewa na petroli, nyingine ya valvu inayotoa moshi. Nundu ikipanda inainua roka, roka inasukuma valvu, valvu inafunguka. Nundu ikishapita, springi inairudisha valvu mahali pake. Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krankishafti. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde moja. Umbo la nundu ndilo linaloamua valvu ifunguke lini, iinuke kiasi gani na ifungwe lini. Injini nzima hupumua kwa amri ya umbo hilo.

Katika hayo matatu, lenye uzito zaidi ni wakati valvu ya kuingiza inapofungwa. Mtu angedhani ifungwe pale pale pistoni inapofika chini, kwa kuwa silinda imeshajaa. Mambo hayaendi hivyo. Hewa ina uzito, na ikishashika kasi haisimami ghafla. Injini ikiwa kwenye mwendo mkali, hewa huendelea kujishindilia ndani hata pistoni ikiwa imeanza kupanda. Ndiyo maana valvu huachwa wazi kidogo zaidi, ili silinda ishibe. Lakini injini ikienda polepole, hewa ile haina mbio. Pistoni inayopanda huirudisha ilikotoka, na mgandamizo hupungua. Basi kamshafti inayochelewa kufunga hutoa nguvu juu na kuipunguza chini, na inayowahi kufunga hufanya kinyume chake. Anayekuuzia kamshafti mara nyingi anahamisha nguvu kuliko anavyoiongeza, kama mfugaji wa Kajiado anayehamisha mifugo kufuata malisho: kundi ni lile lile, kilichobadilika ni mahali litakapokutwa. Fundi mwaminifu hukueleza unapata nini na unatoa nini kabla hajafungua boliti hata moja.

Sasa itazame njia yenyewe. Kutoka Kitengela hadi Namanga ni kama kilomita 130. Unapita Isinya, unapita mji wa Kajiado, unapita Bissil kwenye soko la mifugo, kisha unateremka hadi chini ya mlima Ol Doinyo Orok mpakani. Barabara ni ya lami, miinuko yake ni mirefu lakini si mikali, na uwandani upepo hukupiga kifuani bila kizuizi. Pikipiki yenye abiria na mizigo haimalizi siku yake kwenye mizunguko ya juu kabisa. Maisha yake yako katikati, gia ya mwisho ikivuta taratibu, na yako chini kabisa kila inapoondoka kwenye tuta, kwenye kizuizi cha polisi au nyuma ya lori linalopanda. Mpanda pikipiki wa safari anaitaka nguvu pale pale. Akiletewa nguvu ya mizunguko 8,000 atakuwa amenunua kitu atakachokitumia dakika chache kwa siku nzima, na kila akitoka kwenye tuta itabidi ashushe gia na kuilazimisha injini ilie.

Kuna jambo lingine la mahali ambalo karatasi ya kiwandani haitakwambia. Kitengela iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 na zaidi, na mji wa Kajiado uko juu kuliko hapo. Katika kimo hicho, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita au zaidi ukilinganisha na Mombasa. Silinda ya hapa imeanza kazi ikiwa na njaa. Ukiipa kamshafti inayochelewa kufunga, unairudisha nje hata ile hewa kidogo iliyokuwa imepatikana. Kwa hiyo kamshafti inayomfaa kijana wa Likoni kule Mombasa inaweza kumvunja moyo ndugu yake anayeishi Isinya, ingawa pikipiki zao zimetoka kiwanda kimoja. Fundi anayelijua hili ameisoma nchi yake pamoja na injini, na huchagua kamshafti inayowahi kufunga. Kisha huitazama na kabureta, kwa maana mahali penye hewa nyepesi petroli huzidi na plagi huwa nyeusi.

Wikendi, barabara hiyo hiyo huwabeba wenye pikipiki kubwa za safari, na hesabu yao ni ile ile, ila imeandikwa kwa herufi kubwa. Chukua Harley-Davidson ya masafa yenye injini ya Milwaukee-Eight, iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na sentimita za ujazo 1,746. Kamshafti yake ni moja, iko tumboni mwa injini badala ya kichwani, na husukuma valvu nane kwa vijiti virefu. Iliyoitangulia, Twin Cam, ilikuwa na kamshafti mbili. Kwa injini hizi Wamarekani wametengeneza kamshafti za kila aina, na kila moja huja na kadi yake ya namba: nyuzi za kufunguka, nyuzi za kufungwa, kimo cha kuinuka, na mpishano, yaani muda ambao valvu zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Macho ya mnunuzi hukimbilia namba kubwa. Macho ya fundi huenda kwenye mstari unaosema valvu ya kuingiza inafungwa lini, kisha huuliza nyuzi hizo zimepimwa kuanzia wapi. Watengenezaji wa kamshafti za Harley huanza kuhesabu kisukumio kinachokaa juu ya nundu kikiwa kimeinuka inchi 0.053, kama milimita 1.35, hali Wajapani wengi huhesabu kuanzia milimita 1. Kadi mbili zilizopimwa kwa vipimo tofauti hazilinganishiki, na wengi wamenunua kamshafti isiyowafaa kwa kutolijua hilo. Mpishano nao una bei yake. Ukiwa mkubwa, injini hunguruma kwa mtikisiko unaowapendeza vijana, lakini kwenye mwendo wa taratibu hunywa petroli zaidi na hukosa utulivu. Mwenye safari ndefu atausikia mlio huo saa nyingi, na ataulipia kituoni.

Uchaguzi ukishafanyika, mkono ndio unaothibitisha kilichoamuliwa na akili. Kamshafti inayoinua valvu juu zaidi inaweza kuzibana springi mpaka koili zigusane, au ikaifikisha valvu kwenye pistoni. Fundi makini habahatishi. Hubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, hufunga hedi, kisha huizungusha injini kwa mkono, polepole, krankishafti ikamilishe mizunguko miwili. Akifungua tena, valvu zimeacha alama zake kwenye udongo. Huukata kwa wembe na kupima pale palipobaki pembamba kuliko pote. Wengi hutaka angalau milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa kutoa, kwa kuwa valvu ya kutoa hukaa kwenye moto na hufukuzwa na pistoni inayopanda. Kazi hii huchukua muda na mteja haoni kinachoendelea. Hata hivyo, ndiyo inayoamua kama injini itafika Namanga au itabaki kando ya barabara na valvu iliyopinda.

Kisha tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka na valvu. Hurekebishwa injini ikiwa imepoa kabisa, ndiyo maana mafundi wazuri hukwambia uiache piki jioni waifungue asubuhi. Nafasi inayotakiwa kwenye injini ndogo ni sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Fila geji, ukanda mwembamba wa chuma wa kupimia, huingizwa kati ya skrubu ya roka na valvu, na vidole ndivyo vinavyotoa uamuzi: ukanda upite kwa kukwaruza kidogo, usilegee, usikwame. Mteja huogopa tapeti zinazogonga. Fundi huogopa zaidi zilizonyamaza. Inayogonga ina nafasi kubwa mno, na itakula chuma taratibu. Iliyobanwa haifungi sawasawa, moto hupita pembeni mwa valvu, na siku moja valvu huungua bila kutoa onyo.

Jua kali nayo ina elimu yake katika jambo hili. Mtu asiye na pesa za kamshafti mpya hupeleka ya zamani kwa fundi wa kukereza, nayo hurudi na nundu iliyo ndefu zaidi. Hakuna chuma kilichoongezwa. Kilichopunguzwa ni sehemu ya mviringo iliyo nyuma ya nundu, ili tofauti kati ya mgongo na kilele iwe kubwa. Ni werevu mkubwa, na unafaa, mradi anayeufanya ajue kwamba ngozi ngumu ya chuma hicho ina kina kidogo. Akiivuka, nundu italika baada ya muda mfupi. Kuna jaribio la zamani la kulijua hilo: pitisha tupa ukingoni mwa nundu. Chuma kilichokomazwa huitelezesha tupa kana kwamba hakijaguswa. Kilicho laini huacha tupa iume. Jaribio hilo hilo huzifichua spea bandia zilizokuja kwenye boksi zuri.

Kenya ilishawahi kuwaonyesha walimwengu maana ya injini ya masafa. Katika Safari Rally ya 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, gari ambalo lilisifiwa kwa uvumilivu kuliko kwa mbio. Wenye kasi zaidi walikuwepo. Matope na mawe yaliwaondoa mmoja mmoja. Wazee wa gereji za Nairobi walilielewa somo hilo, na wale wanaouliza "unaenda wapi" leo Kitengela wanafundisha somo lile lile kwa pikipiki ya bodaboda.

Hata viwanda vikubwa vimekiri kwamba kuchagua kamshafti moja ni kujinyima. Dereva wa gari la Probox huona maandishi ya VVT-i kwenye injini yake. Maana yake ni kwamba kompyuta huiwahisha au kuichelewesha kamshafti ya kuingiza kulingana na mwendo. BMW ilipoitoa R 1250 GS mwaka 2018, iliweka kamshafti ya kuingiza yenye nundu za aina mbili, inayosogea pembeni ili nundu za upole zitumike kwenye mwendo wa kawaida na za nguvu zitumike injini inapokamuliwa. Ni uhandisi wa hali ya juu, na unajibu swali lile lile ambalo fundi wa kando ya barabara hulijibu kwa kumsikiliza mteja.

Ndiyo maana nasema wenye pikipiki tuna deni. Mitihani ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, huwapa mafundi wengi wa jua kali vyeti vya ujuzi walioupata kazini, na hilo ni jambo jema. Lakini busara ya kuuliza safari hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayeuliza, na mwanagenzi ataijali tu akiona inalipwa. Sisi hulipia spea na hulipia saa za spana, kisha ushauri tunauchukua bure, kana kwamba haukugharimu miaka. Fundi akikuuliza unaenda wapi, mwambie ukweli: uzito wa mzigo, abiria, barabara unayoipita siku nyingi kuliko ile unayoiota. Akikushauri uchukue kamshafti ya upole kuliko uliyoitaka, msikilize. Na akikwambia iliyomo inakutosha, wala asikuuzie kitu siku hiyo, mlipe kwa jibu hilo, maana amekufanyia kazi yake iliyo bora kuliko zote.