Kidani cha Maneno: Kusoma Wasia wa Mwana Kupona Thongpiny

Sisi tuliosomea Kakuma kwa silabasi ya Kenya tulimjua Mwana Kupona kama swali la mtihani. Mwanamke wa Siyu, kisiwa cha Pate. Alitunga utenzi mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mizani nane, beti mia moja na kitu. Maudhui: dini, ndoa, utii. Unaandika hivyo, unapata alama zako, unasahau. Wasichana wengi wa darasa letu walimchukia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwanamke anakufa, anamwita binti yake, halafu anamwambia namna ya kumkanda mume miguu. Aliyefurahi ni mwalimu tu.

Mwaka jana nilikaa Thongpiny, Juba, wiki tatu (nilifikaje huko tusiulizane, najua watu wa mashirika nao wanasoma jarida hili). Nilikuwa nimebeba nakala ya utenzi huo kwa sababu ndicho kitabu pekee chembamba nilichokuwa nacho. Nilienda kuuliza habari za ploti ya marehemu baba. Usiku, ndege zikishuka juu ya mabati kuelekea uwanjani, nilisoma. Nikaona kwamba shuleni tulisoma shairi moja na kwenye karatasi kulikuwa na lingine.

Kwanza, lile neno wasia. Alice Werner na William Hichens walipolichapa shairi hili na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, walilipa jina linalosema kwamba haya ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo karibu kila mtu amelisoma kupitia mlango huo. Ann Biersteker aliandika mwaka 1991 kwamba beti za utii zinaweza kusomwa kama kejeli, kwamba mume anayebembelezwa hivyo anageuzwa mtoto mchanga. Inafurahisha, lakini bado tuko kwa mume. Mimi nilibaki kwenye ukurasa wa kwanza. Mama ni mgonjwa mwaka mzima. Anamwita binti asogee, alete wino na karatasi. Anasema kuna jambo moyoni ambalo hajapata nafasi ya kumwambia. Hicho kikao cha watu wawili, mmoja akisema na mwingine akiandika, kwetu hakikuwahi kufanyika. Si kwetu tu. Waulize majirani zako wa bloku.

Desemba 2013 baba alitoka nyumbani Thongpiny akaingia kambi ya UN palepale mtaani, ile ambayo ramani zao huandika Tomping. Alikuwa na begi moja na bahasha ya kaki. Maelfu waliingia hivyo hivyo. Wengine walikaa mwaka mzima nyuma ya ule waya, karibu na nyumba zao wenyewe, bila kuweza kurudi. Mwishoni mwa 2014 watu walihamishiwa upande wa Jebel, na bahasha ikahama naye. Aliyemuuliza kuna nini ndani alijibiwa: karatasi. Hakuna aliyeuliza mara ya pili, maana kumuuliza mzee mali yake iko wapi ni kama kumuuliza anakufa lini. Alifariki 2019. Ndani tulikuta picha, kadi ya chanjo ya kaka yangu, na risiti moja ya malipo ya ploti ambayo wino wake umefifia, limebaki jina lake na nusu ya tarehe.

Sasa turudi kwa Mwana Kupona, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kugombana naye. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mtu aliyepigana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar. Hii haikuwa nyumba ya maskini. Lakini soma wasia wote, hutapata nyumba, hutapata shamba, hutapata deni. Vito vipo, ndiyo: anamwahidi binti kidani cha lulu na marijani. Kumbe kidani chenyewe ni shairi. Mali pekee iliyotajwa kwa uzuri imetengenezwa kwa maneno. Na mumewe alipokuwa anakufa, anatuambia mshairi, alimwachia radhi zake. Nilipofika hapo nilikasirika. Nilikuwa nimetoka kusimama nje ya geti la nyumba yetu, ambamo sasa wanaishi watu wengine. Mama mmoja alitoka akanipa maji. Nikanywa, nikashukuru, sikumwambia mimi ni nani. Radhi ningezifanyia nini pale?

Lakini hasira ile haikuwa haki, na hili nililielewa siku chache baadaye. Mwana Kupona hagawi mali kwa sababu mali imeshagawanywa. Kwa Mwislamu, mafungu ya warithi yametajwa: mke fungu lake, binti lake, mtoto wa kiume lake. Wasia hauruhusiwi kupita theluthi moja, tena huwezi kumuusia mtu ambaye tayari ni mrithi wako, ila warithi wenzake wakikubali. Mwana Hashima alijua fungu lake kabla mama hajafungua mdomo (nusu ya fungu la kaka, lakini alilijua). Kwa hiyo kimya cha shairi kuhusu mali si cha kuficha. Ni kimya cha mtu ambaye sehemu ile ya kazi imekwisha kufanywa na sheria, akabakiwa na ile ambayo sheria haiwezi.

Baba yangu alikuwa na kimya hicho hicho, bila kitu chini yake. Au tuseme vilikuwepo vitu viwili vinavyovutana. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, kifungu cha 16, inasema mwanamke ana haki ya kumiliki mali na kupata sehemu ya urithi wa mumewe pamoja na warithi wengine. Katiba hiyohiyo inataja mila za watu kuwa chanzo kimoja cha sheria. Na mila ina mtu anayeisemea, tena yuko hai na ana simu. Wangu ni baba mdogo.

Baba mdogo si mtu mbaya. Alinikaribisha, akaagiza chai, akaniambia, "Binti yangu, ile ploti ilinunuliwa na ng'ombe wa dada yako." Maana yake: ng'ombe wa mahari ni wa ukoo, kwa hiyo na ploti ni ya ukoo. Sharon Hutchinson, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu Wanuer, ameeleza jambo hili vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia nyumbani. Watu walitofautisha ng'ombe wa pesa na ng'ombe wa mabinti. Aliyenunuliwa kwa mshahara, mwenyewe ana uhuru naye zaidi. Aliyekuja kwa mahari ana wenyewe wengi, wajomba, ndugu, kila mmoja na dai lake. Baba alikuwa dereva wa shirika, alikuwa na mshahara. Dada aliolewa karibu na mwaka ule ule. Basi ni ng'ombe yupi aliyegeuka kuwa mabati na geti? Angesema sentensi moja tu akiwa hai. Wafanyakazi wa mashirika hutuuliza kwenye fomu "mali ya kaya" kana kwamba ni orodha ya vitu. Mbuzi, redio, baiskeli. Hakuna kisanduku cha kuuliza ilitoka wapi, na kwetu hilo ndilo swali lenyewe.

Tena katika mazungumzo yale niligundua kwamba na mimi nimo kwenye hesabu. Kaka yangu ataoa kwa ng'ombe wangu, alisema baba mdogo, kama mtu anayekumbusha tarehe. Hapo nikarudi kwenye utenzi na kuona beti ambazo shuleni tulizipita haraka, anapomwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kumbe mali ipo ndani ya shairi. Ni watu. Siyu ya 1858 mtumwa alirithiwa pamoja na kitanda, na mshairi anawataja kama jambo la adabu tu, akaendelea. Hapa ndipo shairi linaponishinda kulitetea, na sitajaribu. Mwana Hashima aliketi upande wa wanaopokea. Mimi nimesoma kutoka upande ule mwingine, angalau kidogo.

Usidhani haya ni ya watu wasiojua sheria. S. M. Otieno alikuwa wakili maarufu Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila wasia wa maandishi. Mkewe, Wambui, alisema mumewe alitamka kwa mdomo anakotaka kuzikwa. Ukoo wa Umira Kager ulisema lake. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Maneno ya mdomo yana mashahidi, na mashahidi wana upande. Ndiyo maana nautazama ule wino wa Mwana Kupona kwa heshima kuliko lulu zake.

Niliporudi Kakuma nilimsomea mama mwanzo wa utenzi, nikitafsiri kwa lugha yetu kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka pale pa kidani. Akauliza, "Na huyo mama hakuwa na deni la mtu?" Nikamwambia shairi halisemi. Akacheka. Halafu akasema nilete daftari.

Alianza na duka. Kadi yake ya Bamba Chakula iko kwa mwenye duka tangu mwezi uliopita, anadaiwa unga na mafuta. Akataja jirani Mkongomani anayemdai beseni la mtama, na mwanamke wa kanisani ambaye yeye ndiye anayemdai, lakini nisimwambie. Cherehani ni ya dada mdogo. Niliandika kurasa mbili. Halafu, bila kubadilisha sauti, akasema ploti ya Thongpiny ilinunuliwa kwa mshahara wa baba wa miezi kumi na minne, na ndama wawili wa mahari ya dada waliuzwa mwishoni kwa ajili ya mabati. Ndama wawili. Yeye ndiye aliyezihesabu zile pesa.

Nilimuuliza kwa nini hajawahi kusema. Akasema kwenye matanga waliulizwa wanaume.

Kwa hiyo ukweli ni kwamba baba mdogo hakudanganya, na mimi sikukosea, na ndama wale wawili itabidi wajadiliwe. Namba yake ninayo. Daftari nimelifunga kwa nailoni kwa ajili ya mvua, na mama ameshaniita mara mbili kuongeza majina.