Kizidisho cha 1.212 na Kijiko cha Bright

Katika hesabu zote zilizopata kutumiwa kuagua mustakabali wa figo za wagonjwa wa lupasi, hapana dhulma inayonichoma roho kuliko ile iliyoingia mwaka 1999, pale wataalamu wa Marekani, baada ya kutunga kanuni ya kukadiria uchujaji wa figo kwa kreatinini ya damu, taka itokayo kwenye misuli, walipoamua kwamba jawabu la mtu mweusi lizidishwe. Kizidisho hicho, kilichokuja kutulia kwenye 1.212, kilitokana na watu 1,628 wa Marekani, ambao weusi walikuwa 197 tu, na hoja yake ilikuwa kwamba mweusi ana misuli mingi zaidi.

Na tumtazame, enzi za kizidisho hicho, mchuuzi wa migebuka hapa gatini Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mwenye lupasi, aliye katika mwezi wa 12 wa matibabu. Homa na vidonge vya prednisoloni vimemla misuli, na misuli ikipungua kreatinini nayo hupungua, hata figo zikaonekana nzima kuliko zilivyo. Huo ni udanganyifu wa kwanza. Kanuni yampa 52, chini ya 60, mpaka ambao figo zikishuka chini yake huhesabiwa zina hitilafu. Kisha, kwa kuwa ni mweusi, 52 yazidishwa kwa 1.212, yawa 63, na ilhali hapana tone la damu yake lililochujwa zaidi, anahesabiwa amevuka salama, na safari ya kupanda Sumbawanga kuonana na daktari yaahirishwa. Ni misuli ipi iliyozidishwa hapo, naye mkono wake waukamata ukahisi mfupa?

Kanuni ya 2009 ilikipunguza kizidisho kikawa 1.159, na dhulma iliyopunguzwa ni dhulma bado. Hakikufutwa hadi 2021. Mwaka uliofuata, utafiti wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, uliopima uchujaji wenyewe badala ya kuukisia, ulidhihirisha kuwa kreatinini huzisifu figo zetu kupita kiasi hata bila kizidisho, na kwamba kikiongezwa upotofu huzidi.

Ndiyo maana mimi, badala ya kreatinini ya damu, naushikilia mkojo. Richard Bright, katika Guy's Hospital ya London, aliyeandika habari za maradhi ya figo mwaka 1827, alikuwa na kijiko na mshumaa: mkojo ukipata moto ukaganda mweupe kama ute wa yai, alijua figo zinavuja, wala kijiko hakikuuliza rangi ya mtu. Mwaka 2015 Maria Dall'Era na wenzake, wakichambua wagonjwa wa lupasi ya figo wa jaribio la Euro-Lupus, waliona protini ya mkojo chini ya gramu 0.8 kwa siku katika mwezi wa 12 ndiyo dalili bora ya figo zitakazodumu, na kwamba kuiongezea kreatinini hakukuleta faida. Kazi safi, ingawa wengi wa wagonjwa wale walikuwa Wazungu.

Kijiti cha mkojo hakitaji gramu. Lakini kingechovywa siku ile, kikageuka kutoka manjano kuwa kijani kwa protini, mchuuzi yule mwenye 63 asingerudishwa gatini kuuza migebuka.