Pombe inatembea usiku: tablo ya Ntiro na doti zetu

Wenzangu, leo naomba tuache kidogo vinyago na tuangalie tablo moja ndogo ya rangi za mafuta. Iko na sentimita 41 hivi kwa 51, kitu unaweza kubeba kwapani toka Nyawera mpaka Muhumba na hakuna mtu atakuuliza ni nini. Ilichorwa 1956 na Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, na sasa iko katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Sisi tunaionea kwenye simu tu. Jina lake, kwa Kiswahili, ni kama hivi: Wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku.

Mtu wa Bukavu akisoma jina hilo haombi maelezo mengi. Wachaga wanaita yao mbege, sisi kasiksi. Na sisi pia tunajua kwamba pombe hiyo ikifika kwa wazazi wa binti haiji juu ya kiu. Ni neno linalotumwa na familia moja kwa ingine.

Nilionyesha marafiki wawili picha za Ntiro. Wote wakasema: hii ni kazi ya mtoto. Watu wake ni wadogo, miili imerahisishwa, sura hazisomeki. Sawa. Lakini angalieni miaka. Ntiro alisoma Makerere kwa mama Margaret Trowell, halafu akaenda Slade, London, toka 1952 mpaka 1955. Slade ni shule ambako mwanafunzi anachorishwa mwili wa mtu mpaka anachoka. Tablo hii imekuja nyuma ya Slade, si mbele. Kwa hiyo alijua kuchora pua na misuli, na akaamua kuacha. Wengine wanasema alikuwa anatii tu mwalimu wake, juu Trowell hakutaka Waafrika waige Ulaya. Mimi sikubali. Mtu aliyekuja kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika kule London, 1961, hakuwa mtu wa kushikwa mkono namna hiyo.

Aliacha sura juu ya nini? Hapa njo kiini cha maneno yangu. Ukimpa mtu sura, unamfanya kuwa fulani: huyu njo bwana arusi, huyu njo tajiri aliyenunua. Ntiro hataki tujue. Katika jina lenyewe hakuna bwana arusi, kuna wanaume, kwa wingi. Mzigo ni wa wote, na kijana anayeoa amepotea kati ya wenzake.

Sasa linganisheni na karatasi ya doti tunayopewa hapa Ibanda. Ng'ombe wameandikwa, lakini wanahesabiwa kwa dola. Mbuzi, koti la baba, vitenge vya mama, kasiksi, halafu tena kreti za bia ya kiwanda juu ya heshima. Karatasi hiyo iko na jina moja tu la mlipaji. Kijana amemaliza lisansi, anatembeza CV toka ofisi moja mpaka ingine, na siku ya doti wajomba wanafika wamevaa vizuri, mikono mitupu, kusaidia kuongea. Desturi imebaki na orodha yake, wabebaji wamepungua. Najua tuko wengi kwenye ukurasa huu tunaoishi na mchumba wa miaka minne, mitano, juu ya karatasi hiyo.

Kuna kitu kinanisumbua katika tablo lakini. Bibi arusi. Wanaume njo wanatenda, yeye ni mahali pa kufikia, sawa vile kituo cha basi. Na ajabu ni kwamba Ntiro alimuoa Sarah Nyendwoha, Mganda aliyesoma mpaka Oxford, na ambaye aliporudi kufundisha alikataa kulipwa chini ya wanaume. Ningelipa pesa kuona tablo ingine ya usiku uleule, ichorwe toka mlango wa binti: anawaona wanakuja, na bado hajajibu.

Nabakia na usiku wenyewe. Wako watu wanaomlaumu Ntiro kwamba alichora kijiji chenye amani kupita kiasi, wakati ukoloni ulikuwa ungali juu yao na Kenya, jirani, ilikuwa katika vita ya Mau Mau. Lawama hiyo ingekuwa na nguvu kama angechora mchana, jua, na watoto wanacheka. Alichagua saa ambayo mtu anaogopa njia. Kwetu Bukavu giza likishaingia kila mzazi anahesabu watoto wake, na doti zetu zinaanza mapema ili wageni warudi kungali mwanga. Kwa hiyo mimi nikiangalia wanaume wale sioni kijiji cha kadi posta. Naona watu wengi wanapita gizani na mzigo unaomwagika kirahisi, pombe, hawana bunduki wala taa kubwa, na kule mbele kuna familia inayowangojea bila kufunga mlango.