Kiasi: Insha ya Mkono Upimao Baruti

Kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani zinalipa neno kiasi maana mbili ambazo leo ni wachache wanaozikumbuka kwa pamoja: ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu, yaani kadiri ya kitu, kipimo kisichozidi wala kupungua, na ya pili ni fungu la baruti na risasi lililotayarishwa kwa mlio mmoja wa bunduki, ndiyo sababu ilikuwapo lugha ya viasi vya bunduki pale ambapo msemaji wa leo, awe Bunia au Mombasa, husema risasi tu na kuendelea na maneno yake. Risasi kwa asili ni jina la madini mazito yaliyoyeyushwa na kumiminwa kuwa vidonge, kwa hiyo msemaji wa leo hutaja kile kinachoruka na kuua, ilhali mzee wake alitaja kile kilichopimwa kabla ya kuruka. Ndani ya badiliko hilo dogo la msamiati umezikwa ufundi mzima, na waliouzika hawakuujengea hata kaburi.

Ufundi huo ulikuwa wa bunduki ya kushindilia, inayoitwa gobori katika Tanzania, ambayo hujazwa kwa mdomo wa mtutu na si kwa nyuma. Mwenye kuijaza huanza na baruti, akafuatisha kizibo cha nyuzi au cha magome laini, kisha risasi au marisau, yaani vidonge vidogo vya kuwindia ndege na wanyama wadogo, na kila tabaka hushindiliwa kwa mdeki, ambao ni fimbo nyembamba ya chuma au ya mti mgumu inayoingia mtutuni kama mchi unavyoingia kinuni. Fataki, kile kikombe kidogo cha shaba kinachotoa cheche kinapopigwa na mtambo, huwekwa mwisho kabisa, wakati mnyama amekwisha kuonekana.

Linalostahili kutazamwa kwa karibu katika kazi hiyo ni mkono. Baruti haimwagwi mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe inamohifadhiwa, kwa kuwa cheche iliyobaki ndani baada ya mlio uliotangulia inaweza kuipanda hadi kwenye pembe na kummaliza mwenye pembe. Humiminwa kwanza katika kipimo, aghalabu kipande cha mwanzi au ncha ya pembe iliyokatwa kwa urefu uliojaribiwa kwa siku nyingi, kikajazwa hadi ukingoni, kikasawazishwa kwa ukucha, na chembe zilizozidi zikarudishwa zilikotoka. Baada ya hapo husikilizwa mdeki. Mapigo ya kwanza huwa na sauti ya kufifia, kama mtu anayegonga gunia, halafu shindo linapokaza sauti hubadilika, mdeki huanza kuruka na kurudi kiganjani, na mwindaji aliyezoea hutazama alama iliyochongwa kwenye fimbo kujua kama kilichomo ni kiasi kimoja au, kwa usahaulifu, viwili. Viwili ndivyo vinavyopasua mtutu. Mwenye bunduki hiyo, kwa hiyo, hakuwa na ruhusa ya kuwa mzembe hata kwa dakika moja, na pengine hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi ambayo chombo kinaweza kumpa anayekitumia.

Historia ya Ituri, eneo la kaskazini-mashariki mwa Kongo lenye mji wa Bunia, imetunza hesabu moja inayoonyesha kwamba vipimo hivyo havikuwa vya mwindaji mmoja mmoja tu. Mwaka 1887 msafara wa Henry Morton Stanley, uliotumwa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, aliyekuwa amekwama upande wa Ziwa Albert, ulipewa na serikali ya Misri, pamoja na bunduki za kisasa na risasi zake, tani 2 za baruti na fataki 350,000. Anayeigawa baruti hiyo kwa idadi ya fataki hupata gramu zisizofika 6 kwa kila moja, yaani karibu sawasawa na kiasi kimoja cha bunduki ya kushindilia. Inaelekea kwamba karani fulani alikuwa amehesabu milio kabla haijalia, bila kubakiza fataki isiyo na baruti yake. Kwa mzigo wa ratili 60, ambao mpagazi mmoja aliweza kuubeba kichwani, tani hizo ni kazi ya watu 75 hivi. Sehemu ndogo tu ya shehena yote ndiyo iliyopenya msitu wa Ituri hadi ziwani, ambako Stanley na Emin walikutana tarehe 29 Aprili 1888, chini ya nyanda za juu ambazo Bunia inakaa juu yake leo.

Baruti iyo hiyo ndiyo iliyoharibu makubaliano ya msafara na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Zanzibar, ambaye jina lake la utani lilihusishwa na mlio wa bunduki. Aliahidi wapagazi 600, na upande wa pili uliahidi kuwapa baruti. Baruti haikutolewa kama alivyoielewa ahadi, wapagazi nao hawakuja kwa wakati, na kila mmoja akamlaumu mwenzake hadi mwisho. Huko Ipoto, kwenye kambi ya Wamanyema wawinda pembe chini ya mkuu wao Kilonga-Longa, wapagazi wa Kizanzibari waliokuwa wanakufa njaa waliuza risasi na hata bunduki ili wapate mahindi. Msitu ulikuwa umeweka bei yake yenyewe, na katika bei hiyo kiasi cha bunduki kilikuwa chini ya bunzi.

Kilichofuata kinaweza kusemwa kwa ufupi. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, yenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukaamua kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika biashara ya silaha mpya izuiwe, huku mwenyeji akiachiwa gumegume, yaani bunduki ya jiwe la kutoa cheche isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha utumwa, na haikuwa ya uongo mtupu. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtawala alibaki na risasi iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, na mtawaliwa akabaki na kupima.

Kwa mzunguko usiotarajiwa, kupima huko kumerudi kuwa burudani ya watu wenye nafasi. Katika Marekani na nchi kadhaa za Ulaya wako wapenda shabaha wanaoliokota ganda la shaba baada ya mlio, wakalisafisha na kulijaza upya nyumbani, na baruti yao hupimwa kwa greni, uzito ambao asili yake ni punje moja ya nafaka na ambao 7,000 zake hufanya ratili moja. Risasi ndogo ya bastola hutumia greni 5 hivi, nayo ya bunduki kubwa ya kuwindia hutumia 50 hivi, kwa hiyo ratili moja hutoa ama milio 1,400 ama milio 140. Mtu anayefyatua mara 100 kila wiki kwa bastola ya namna hiyo atakuwa ametumia karibu kilo 1.7 kwa mwaka, na katika miaka 20 kilo 34, ambazo kwa kipimo cha wafanyabiashara wa Zanzibar ni frasila 2 na ushei, kwa kuwa frasila ni kilo 16 hivi. Mwindaji wa gobori anayepiga mara 60 kwa mwaka, gramu 6 kila mara, hafikishi hata nusu frasila katika muda huo wote. Hata hivyo watu hawa wawili wangeelewana kwa haraka kuliko inavyodhaniwa, maana kila mmoja wao anajua kwa mkono wake, na si kwa kuambiwa, mlio mmoja umegharimu nini.

Sifa hii isivuke mpaka wake. Mkono unaopima vizuri si lazima uwe mkono wa haki. W. D. M. Bell, aliyewinda katika Eneo la Lado, ambalo kusini lilianzia Mahagi, katika siku za mwisho za utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyefariki Desemba 1909, alisifika kwa kutumia bunduki nyembamba ya milimita 7 pale ambapo wenzake walibeba mizinga, na alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulikaa wapi. Kiasi chake kilikuwa kidogo na shabaha yake haikuwa na makosa mengi, na tembo walioanguka mbele yake walizidi 1,000. Aliyehesabu greni hakuhesabu tembo waliobaki. Wamanyema wa Ipoto nao walijua kupima, na vijiji vilivyochomwa kandokando ya mto Ituri havikupata nafuu yoyote kwa sababu ya ustadi huo.

Pamoja na hayo, kilichokuja baada yao hakijui hata kupima. Bunduki inayojulikana zaidi Bunia tangu vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na tena chini ya hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Mei 2021, ni Kalashnikov, ambayo hubeba risasi 30 katika kisanduku chake na huweza kuzimaliza kwa sekunde 3. Ndani ya kila risasi mna baruti ya gramu 1.6 hivi, na zote 30 hufanya gramu 48, yaani viasi 8 vya gobori, ambavyo mwindaji mwangalifu angevitumia kwa wiki kadhaa. Ganda lake mara nyingi ni la chuma, lenye matundu mawili madogo kitakoni ambayo humzuia mtu kulijaza tena kwa urahisi, kana kwamba aliyelibuni hakutarajia kwamba kuna mtu atakayeinama kuliokota. Lile la mpenda shabaha lina mwenyewe, lina idadi ya safari lilizojazwa, na hutupwa siku shingo yake inapopasuka. Hili hubaki barabarani mahali lilipoangukia, na mvua ikalianzia kutu. Kijana anayebeba silaha hiyo hajawahi kuona baruti kwa macho yake, na akiulizwa kiasi ni nini atajibu kwamba ni neno la sokoni.

Sokoni, ni kweli, neno hilo lingali hai. Katika machimbo ya dhahabu ya mashariki mwa Kongo njiti za kiberiti na sarafu kuukuu zimetumika kuwa mawe ya mizani, na muuzaji aliyetoka kuchekecha mchanga siku nzima hukaza macho kwenye sahani ndogo akiangalia kama njiti ni nzima au imemegwa, huku mnunuzi akingoja mizani itulie. Gramu 1.6 ya dhahabu inaweza kubishaniwa namna hiyo asubuhi nzima. Gramu 1.6 ya baruti hupita mtaani kila usiku wenye milio, na hakuna anayeuliza ilipimwa na nani.