Sinema Turubaini: Hamu ya Kale katika Uchoraji wa M. F. Husain

Uhusiano baina ya uchoraji na sinema umezoeleka kutazamwa kutoka upande mmoja tu. Husemwa kuwa sinema ndiyo iliyokopa kwa wachoraji mpangilio wa sura, mwanga na kivuli. Mkopo wa kinyume, ambapo mchoraji huingia ukumbini, akatoka na picha zinazosonga na kuzituliza turubaini, haujashughulikiwa vya kutosha na wahakiki. Huenda sababu ni kwamba mkopo huu huendeshwa na mapenzi. Na mapenzi ya mtazamaji wa kawaida, hasa yakiambatana na hamu ya siku zilizopita, huhesabiwa kuwa ni ulegevu wa hisia wala si msingi wa sanaa. Makala haya yanadhamiria kuupima mtazamo huo kwa kuichunguza kazi ya Maqbool Fida Husain (1915–2011), mchoraji wa Kihindi ambaye maisha yake ya usanii yalianzia kwenye mabango ya sinema.

Husain aliingia mjini Bombay katika miaka ya 1930 akiwa kijana asiye na kitu, na riziki yake aliipata kwa kupaka rangi mabango makubwa ya filamu. Kazi hiyo ilikuwa na kanuni zake. Picha ndogo ya mwigizaji iligawanywa katika miraba, kila mraba ukahamishwa na kukuzwa ubaoni, na mchoraji akapanda jukwaa la miti kuujaza. Aliyekuwa juu ya jukwaa hakuweza kuiona sura nzima; aliona kidevu au kope tu. Kwa kuwa bango lilikusudiwa kusomwa na mpita njia aliye mbali, mistari ilibidi iwe minene na rangi ziwe kali, zisizochanganywa kwa uangalifu wa chumba cha sanaa. Mwaka wa 1947 Husain alijiunga na kundi la wachoraji wa kimaendeleo la Bombay, lililoasisiwa na F. N. Souza, na tangu hapo akatambuliwa kama msanii wa usasa. Hata hivyo, mstari mnene na rangi kali havikumtoka. Wahakiki waliozoea kuvihusisha vipengele hivyo na athari za Ulaya peke yake wameusahau ukuta wa mtaani.

Hamu ya sinema ilijitokeza waziwazi baada ya 1994, ilipotolewa filamu ya Hum Aapke Hain Koun..! iliyoongozwa na Sooraj Barjatya. Wakati huo Husain alikuwa anakaribia umri wa miaka 80. Inasimuliwa kwamba aliitazama filamu hiyo zaidi ya mara 60, akivutwa na mwigizaji wake mkuu, Madhuri Dixit, na kwamba kilichomnasa hasa ni mwendo wake katika wimbo mmojawapo. Matokeo yake ni mfululizo wa michoro inayohusishwa na neno Fida. Neno hili lina mizizi katika Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili atalitambua haraka kupitia ndugu yake, fidia. Maana yake ni kujitoa kwa ajili ya mwingine. Lakini Fida lilikuwa pia jina la mchoraji mwenyewe. Kwa hiyo michoro ya mwigizaji inabeba jina la mtazamaji, na hilo linadokeza kuwa mhusika mkuu wa michoro hii ni mapenzi ya anayetazama.

Hapa inafaa kutofautisha bango na mchoro wa kumbukumbu. Mfano wa Ghana unasaidia. Kuanzia miaka ya 1980 wenye vyumba vya video nchini humo walisafiri na mitambo ya umeme, kanda na mabango yaliyochorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Mara nyingi wachoraji hao hawakuwa wameitazama filamu yenyewe, nao waliongeza damu, majoka na misuli kwa kadiri ya kumvuta mteja. Leo mabango hayo hununuliwa na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya kama vitu vya hamu ya kale. Lakini hamu hiyo ni ya mnunuzi. Mchoraji aliitangulia filamu, alichora ahadi. Husain wa miaka ya 1930 alikuwa katika nafasi hiyo hiyo. Husain wa miaka ya 1990 anakuja baada ya filamu, na anachokichora ni mabaki yake akilini.

Mabaki hayo ni yapi? Katika michoro yake mingi ya wanawake, ukiwemo mfululizo maarufu juu ya Mother Teresa, Husain huiacha sura bila macho wala mdomo. Maelezo ya kawaida ni ya kitawasifu: mamake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, asiweze kuikumbuka sura yake. Maelezo haya yana uzito, ila hayatoshi. Yanapotumiwa peke yake, kila mwanamke turubaini hugeuzwa kuwa mama, na fani husahaulika. Ikumbukwe kwamba bango la sinema huuza sura. Kuiondoa sura ni kuipindua kanuni ya kwanza ya kazi aliyoifanya Husain ujanani. Kinachobaki ni kiuno, mkono ulioinuliwa, na pindo la sari. Kwa maneno mengine, kinabaki kile ambacho mwigizaji, aliyefunzwa ngoma ya kathak, alikifanya kwa ujuzi wake, na kinaondolewa kile kilichouzwa na watangazaji. Kwa mtazamo huu, hamu ya Husain ina haki zaidi kwa mwigizaji kuliko inavyodhaniwa.

Dai hili lina mipaka yake. Mwaka wa 2000 Husain alitoa filamu ya Gaja Gamini, yaani mwenye mwendo wa tembo, ambamo Madhuri Dixit ni Sangeeta, Shakuntala, Monika na Mona Lisa. Humo mwigizaji hageuki mtu; anageuka wanawake wote wa nyakati zote. Mwendo uliokuwa wa mwili mmoja unatwishwa falsafa, na mapenzi yanakuwa mahubiri. Udhaifu wa filamu hiyo haukutokana na wingi wa hamu. Ulitokana na hamu iliyokiacha kitu mahususi kilichoizaa.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anacho kipimo chake cha jambo hili. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Msikilizaji aliyeipenda filamu alisikia mambo mawili kwa pamoja. Asiyeijua alibaki na sauti na shairi, na pale shairi lilipokuwa imara, hakupungukiwa. Kipimo hicho kinaufaa pia uchoraji wa Husain. Mtu asiyewahi kumwona Madhuri Dixit akicheza bado anaweza kuuona mwendo katika mstari wa burashi.

Kwa kuhitimisha, kuidharau sanaa ya hamu kwa sababu tu ni ya hamu ni kosa la kiuhakiki. Kinachostahili kuchunguzwa ni kile ambacho kumbukumbu imekichagua na kile ilichokiacha, na iwapo kilichochaguliwa kimepewa umbo. Wachoraji wa mabango, iwe Bombay au Accra, wanastahili kuingizwa katika uchunguzi huo kama mafundi wenye kanuni zao, kabla kazi zao hazijasomwa kupitia hamu ya wanunuzi peke yake.