Sikio la Fundi wa Malori

Dereva akisimama Chalinze na kusema "kuna kitu kinagonga chini," fundi hakimbilii spana. Anauliza: kinagonga ukiondoka, ukikata kona, au ukipita kwenye matuta? "Ko!" moja ya kuondokea humpeleka kwenye kros za propela, mvumo unaobadilika konani humpeleka kwenye beringi za magurudumu. Anazuia tairi kwa mawe, analala juu ya boksi lililolowa oili, anaitikisa propela kwa mikono, kisha anapapasa habu kutafuta iliyochemka kuliko nyingine. Wateja hulipia spea, kusikiliza wanadhani ni bure, jambo linaloniudhi. Kumbe hitilafu isiposikiwa mapema na propela ikakatika kwenye mteremko wa Kitonga, lori hupoteza breki ya injini. Ukimlipa fundi, lipia na masikio.