Herufi H katika Lugha za Kirumi: Jina, Sauti na Kazi Yake

Wako waionao H ya lugha za Kirumi, yaani zile zilizozaliwa na Kilatini, kuwa ni masalio tu ya mama yao: yaandikwa, haitamkwi, basi haina kazi. Rai hiyo ni nyepesi mno.

Kweli sauti yenyewe ilianza kufifia mapema. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo mshairi Catullus alimkejeli Arrius kwa kutamka H pasipostahili; kejeli hiyo isingekuwa na ladha kama kila msemaji angalikuwa na hakika na mahali pake. Hata majina ya herufi yashuhudia: Kifaransa na Kihispania huiandika hache, Kiitaliano acca, Kireno agá, na hakuna hata moja ambamo H yenyewe husikika. Kiromania, ambacho huitamka, kiko mbali na wenzake.

Lakini kutotamkwa si kukosa kazi. Katika Kiitaliano H ndiyo itenganishayo anno, "mwaka", na hanno, "wana". Na katika chi hulinda sauti ya k. Kifaransa kiliiweka mbele ya huit na huile, ilhali Kilatini kilisema octo na oleum pasipo H yoyote. Sababu ni kwamba zamani u na v ziliandikwa kwa alama moja, na msomaji angaliweza kusoma vit na vile. Hayo ni masalio ya nini? Nazo hijo na harina za Kihispania asili yake ni filium na farina, maneno ya F!

Msomaji wa Kiswahili asicheke upesi. Katika dhambi na ghali H nayo haitamkwi kwa sauti yake. Ni alama isaidiayo herufi jirani.

Hasara ya rai hii huonekana darasani. Mwanafunzi wa Kifaransa aambiwaye "usiitamke" na kuachwa hapo amepewa nusu ya kanuni. Atasema l'homme sawasawa, lakini H ya héros, ingawa nayo ni kimya, huzuia maneno yasiungane. Akiyaunganisha les héros, "mashujaa", wasikilizaji watasikia les zéros, "sufuri".